Jani na Punje

Alfajiri moja ya mwezi wa Julai, ukungu wa Kilimanjaro ungali umelala juu ya migomba na baridi ya huko ikimkataza mgeni wa pwani kama mimi kutoa mikono ndani ya shuka, nilisimama katika kihamba cha wenyeji wangu, shamba lao la migomba, nikimtazama mama mwenye nyumba akipasua shina la mgomba kwa panga. Mkungu wake ulikuwa umekwisha kukatwa, ndizi nyingine zimeliwa na nyingine zimeuzwa, na kilichobaki ni lile gogo lililojaa maji ambalo kwetu pwani huachwa lioze mahali lilipoangukia. Yeye alilikata vipande vyembamba, kwa uangalifu wa mtu aandaaye chakula cha wanadamu, akavichanganya na mabua ya mahindi na sehemu ya mzigo wa nyasi uliopandishwa jana yake kutoka tambarare, kichwani, kwa mwendo wa saa mbili. Akanyunyiza magadi, akatia horini. Ng'ombe wake mmoja, ambaye hukaa bandani mwaka mzima na hajapata kukanyaga malisho, akainamisha kichwa akaanza kula.

Nilimwuliza kama mnyama huyo hapewi nafaka.

"Pumba kidogo, baba, akishazaa," alinijibu bila kuacha kazi yake. "Mahindi ni yetu sisi. Huyu anakula tuliyoyamaliza."

Tangu siku ile nimesoma maandishi mengi ya wataalamu juu ya mifugo na njaa ya ulimwengu, na kila niyasomapo hujikuta nayapima kwa maneno ya mama yule.

Mabishano juu ya jambo hili yamekuwa makali, na kila upande una hoja zake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesi zinazotokana na shughuli za binadamu na kuitia dunia joto. Takriban theluthi moja ya nafaka ya ulimwengu hupita katika vinywa vya wanyama kabla ya kutufikia kwa sura ya nyama, maziwa na mayai. Ilhali mwaka 2023 watu wapatao milioni 733 walihesabiwa kuwa na njaa. Mtu akiyaweka mambo hayo matatu pamoja, ni rahisi kwake kukata shauri kwamba ng'ombe ni mshindani wa maskini, na kwamba heri aondolewe. Hukumu hiyo ina haraka ndani yake. Inamkamata ng'ombe wa kihamba kwa kosa la ng'ombe mwingine, aliye ng'ambo ya bahari, ambaye hajapata kuonja shina la mgomba, na ambaye punje anayopewa ni punje ambayo mtu angeweza kuisaga akapika ugali. Wanyama hao wawili wana jina moja na pembe za namna moja, walakini katika hesabu ya riziki ya wanadamu mmoja huongeza na mwingine aghalabu hupunguza.

Mwaka 1996 Carlos Seré na Henning Steinfeld waliiandikia FAO mgawanyo wa ufugaji ambao wataalamu wanautegemea hata leo. Upo ufugaji wa malisho, ambao mnyama huishi kwa majani ya nyika. Upo ufugaji mseto, ambao mazao na mifugo hutegemeana katika shamba moja, kama pale Kilimanjaro. Na upo ufugaji usio na ardhi yake, ambao wanyama hufungiwa kwa maelfu mahali pamoja na kulishwa vyakula vilivyolimwa kwingine na kununuliwa. Nitasema juu ya yote matatu, lakini nakiri mapema kwamba wa kwanza ndio utakaonichelewesha, maadamu ndio uliodhulumiwa zaidi kwa maneno na kwa matendo.

Kwanza na tuelewe kazi ya tumbo. Mnyama acheuaye ana tumbo la vyumba vinne, na katika kile kikubwa mnaishi vijidudu wasiohesabika, wasioonekana kwa macho, ambao hulichachusha jani gumu na bua kavu, vitu ambavyo tumbo la mtu haliwezi kuvifanyia lolote, wakavigeuza kuwa nguvu na nyama ya mnyama yule. Katika kazi hiyo hiyo hutoka gesi ya metheni, ambayo ng'ombe huitoa kwa kupiga mbweu na ambayo ndiyo sehemu kubwa ya lile shtaka la joto. Na mtu mwenye insafu hana budi kuyataja yote mawili kwa pumzi moja, kwa kuwa neema na madhara hapo yana chanzo kimoja. Mwaka 2017 Anne Mottet na wenzake wa FAO walipima vyakula vyote vya mifugo ya dunia, wakaona kwamba asilimia 86 ni vitu visivyolika kwa binadamu: nyasi, mabua, makapi, pumba na mashudu. Kadhalika, theluthi mbili za ardhi ya kilimo duniani ni malisho, na sehemu kubwa yake ni kame, au ya mawe, au ya baridi, hata jembe halina kazi huko. Asiyemtaka mnyama katika ardhi ya namna hiyo hana budi kutueleza ni kitu gani kingine kitakachotoa chakula mahali pale.

Wamasai wameijua elimu hiyo kabla haijaandikwa. Wakati wa mvua hupeleka mifugo katika tambarare zenye majani mafupi na matamu, na wakati wa kiangazi hurudi mahali penye maji ya kudumu. Karibu na maboma hutenga kipande cha malisho kiitwacho alalili, kisichoingiwa na kundi kubwa, kwa ajili ya ndama, wagonjwa na ng'ombe wenye kunyonyesha, ili kiangazi kikizidi wasife wale ambao hawawezi kwenda mbali. Ni wazee wanaoamua siku ya kuifungua alalili, na mwenye kuivamia kabla ya siku hiyo hutozwa faini. Mwaka 2011 FAO ililitia eneo la Engaresero, karibu na Ziwa Natron, katika orodha ya urithi wa kilimo wenye thamani kwa ulimwengu mzima. Na mwaka huo huo ikakitia humo kihamba cha Shimbwe Juu, katika mteremko wa Kilimanjaro. Nimefurahi kuona mfugaji anayehama na mfugaji asiyehama wakipewa heshima mwaka mmoja, kwa sababu wote wawili wanafanya kazi moja, ya kukigeuza kisicholiwa kiwe chakula.

Kuhama huko watu wengi wa mijini hukuita kutangatanga. Nimesikia neno hilo likitoka katika vinywa vya watu wenye madaraka, na kila mara limenichoma, maana mtu anayetangatanga hajui aendako, lakini mchungaji hujua majani ya bonde gani yana chumvi, kisima gani hukauka mwezi gani, na msitu gani una mbung'o. Mvua za nyika hazinyeshi kila mahali kwa pamoja. Hunyesha hapa leo na kesho kule, na mwenye mguu wa kuzifuata huvuna majani ambayo mwenye seng'enge hawezi kuyafikia. Zizuie njia za mifugo kwa mashamba makubwa, kwa waya na kwa mipaka mipya ya hifadhi, nawe utakuwa umeikata mkono tadbiri yenyewe. Kisha kundi lililobanwa mahali pamoja litakapoufanya udongo kuwa vumbi, utasema mfugaji ameiharibu nchi.

Tena historia inatuonyesha nini hutokea mifugo ikitoweka katika nchi hizi. Mwaka 1887 ng'ombe walioingizwa katika bandari ya Massawa walishusha pamoja nao maradhi ya sotoka, ambayo hayakuwa yamejulikana huku kwetu. Yalishuka kusini kama moto wa nyika: Uhabeshi iliingia katika njaa ambayo inakisiwa kuwa iliangamiza theluthi ya watu wake, kufikia mwaka 1891 yalikuwa yamekwisha fagia maboma ya Wamasai, na mwaka 1896 yakavuka mto Zambezi. Mahali pengi katika kila ng'ombe kumi walikufa wanane au tisa. Mwaustria Oscar Baumann, aliyeondoka Tanga na msafara wake mwanzoni mwa mwaka 1892, alipofika Ngorongoro aliwakuta Wamasai waliobaki mifupa na ngozi, na mashujaa wa jana wakijikokota kuomba mabaki ya chakula cha wapagazi. Wamasai wenyewe wakati huo wanauita emutai, yaani maangamizi. Palipokosekana midomo ya kula majani vichaka viliota, na penye vichaka mbung'o wakaingia. Na wageni waliokuja miaka iliyofuata, wakaikuta nchi tupu yenye pori, wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Dawa ya sotoka, ambayo hadithi yake ingestahili kusomwa na kila mtoto wa shule, ilipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Huko Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walivikuza virusi vya sotoka katika chembe za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, hata vikapoteza ukali wake, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 walikuwa na chanjo iliyo salama na ya bei nafuu, inayomkinga ng'ombe maisha yake yote. Ilikuwa na udhaifu mmoja, kwamba iliharibika kwa joto, na kuifikisha mahali pasipo umeme kulikuwa ni taabu. Baadaye ilitengenezwa nyingine inayostahimili jua, wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja nayo, nao wakaifikisha katika nyika ambazo magari hayafiki. Mgonjwa wa mwisho alikuwa ni nyati, aliyeonekana katika hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imekwisha: maradhi ya pili kufutwa katika uso wa dunia, baada ya ndui.

Wasukuma nao wana jambo lao, ambalo nalitaja kwa ufupi ingawa linastahili zaidi. Kwa desturi walitenga ngitili, majani yanayofungwa mwanzoni mwa masika na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Desturi hiyo ililegea nchi ilipokatwa miti na watu kuhamishwa, hata Shinyanga ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukaanza kuwauliza wazee walivyokuwa wakifanya zamani, na katika miaka isiyofika ishirini ngitili zilirudi juu ya zaidi ya hekta 300,000.

Tukihamia India tunauona ufugaji mseto ukifanya jambo ambalo serikali tajiri hazikulitarajia. Katika wilaya ya Kaira, jimbo la Gujarat, wakulima wenye nyati mmoja au wawili walikuwa wakiuza maziwa kwa bei waliyopangiwa na wanunuzi waliohodhi njia ya kwenda Bombay, wala hawakuwa na la kusema, kwa kuwa maziwa hayangoji. Mwaka 1946, wakiongozwa na Tribhuvandas Patel, waligoma, wakaunda chama chao cha ushirika mjini Anand. Na mwaka 1949 akaja kijana mhandisi, Verghese Kurien, aliyepelekwa pale na serikali bila kupenda na akaishia kukaa maisha yake yote. Asubuhi na jioni mkulima alileta ndoo yake katika kituo cha kijiji, maziwa yakapimwa ujazo na mafuta yake, akalipwa. Ilisemekana kwamba maziwa ya nyati hayawezi kufanywa unga. Dalaya, fundi wa pale pale Anand, akayafanya. Mpango uliokuja kuitwa Gharika ya Maziwa ulianza mwaka 1970, na hapa ndipo ninapomstahi Kurien kuliko mahali pengine. Ulaya ilikuwa na unga wa maziwa na siagi ya ziada iliyotaka kuigawa kama msaada. Yeye alijua kwamba maziwa ya bure yakimwagwa sokoni yatamwua mkulima, basi akashika shauri kwamba yauzwe kwa bei ya haki, na fedha zake zijenge viwanda na njia za maziwa za wakulima wenyewe. Mwaka 1998 India ikaipita Marekani, ikawa ya kwanza duniani kwa maziwa. Na wanyama wengi walioyatoa walikuwa wakila mabua ya ngano na ya mpunga, yaani tuliyoyamaliza.

Nakuja sasa kwa ufugaji wa tatu, nao sitaki kuusingizia. Umeleta yai na kuku katika meza ya mfanyakazi wa kawaida, ambaye babu zake walichinja kuku siku ya Idi tu. Kuku na nguruwe hukua upesi na hutoa gesi kidogo kuliko ng'ombe. Walakini hawacheui, na chakula chao ni punje na mashudu. Wale wale wapimaji wa mwaka 2017 walipohesabu chakula kinachofaa kwa binadamu peke yake, waliona kwamba kilo moja ya nyama ya wanyama wasiocheua hugharimu wastani wa kilo 3.2 zake, na ya wacheuao kilo 2.8. Hata mashudu ya soya, yaandikwayo katika fungu la visivyolika, yametoka katika shamba lililoweza kulimwa chakula cha watu; na mashamba hayo, huko Brazil, yamekwisha meza sehemu kubwa ya nyika ya Cerrado.

Soya hiyo husafirishwa kupita bahari hata Uholanzi, ikaliwa na ng'ombe, nguruwe na kuku wa nchi ndogo kuliko mikoa yetu kadhaa, na samadi yake hubaki huko. Mama wa Kilimanjaro kila wiki huisomba samadi kwa karai akaizika katika mashina ya migomba na mibuni, naye husema kwamba hiyo ndiyo faida ya kwanza ya ng'ombe, maziwa ni ya pili. Lakini Uholanzi samadi imezidi ardhi, naitrojeni yake inachafua hewa na kudhoofisha misitu, na mwaka 2019 Baraza la Dola la nchi hiyo liliutangua mpango wa serikali wa kutoa vibali kwa kutegemea kwamba uchafu huo utapungua baadaye. Udongo wa bara moja unachoshwa, na wa bara jingine unavimbiwa. Miezi michache baadaye wakulima walizifunga barabara kwa matrekta yao, na siwalaumu peke yao, maana kwa miaka mingi waliambiwa na benki na wataalamu kwamba wazidishe.

Kuna na hatari ya wingi mahali pamoja. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na Montgomery, daktari wa mifugo nchini Kenya, katika nguruwe wa walowezi. Yenyewe huishi kimya katika ngiri na papasi wa mashimo yao, bila kuwadhuru. Mwezi wa Agosti 2018 iliingia China, nchi yenye takriban nusu ya nguruwe wa dunia, na katika muda wa mwaka mmoja na kitu kundi hilo lilipungua kwa kadiri ya asilimia 40. Bei ya nyama ilipanda katika masoko ambayo hayajui hata Kenya iko wapi. Jibu lililotolewa mahali pamoja, katika mji wa Ezhou, ni kujenga jumba la ghorofa 26 la kufugia nguruwe. Moyo wangu haujatulia juu ya jibu hilo.

Basi tuwaambie watu wote wasile nyama? Mmarekani mmoja anahesabiwa zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka, na Mhabeshi hata 10 hazifiki; amri moja haiwezi kuwa haki kwa wote wawili. Kati ya mwaka 1998 na 2000, katika shule 12 za Embu, Kenya, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann waliwapa watoto wa darasa la kwanza githeri saa ya mapumziko: shule nyingine githeri iliongezwa nyama ya kusaga, nyingine walipewa na kikombe cha maziwa, nyingine iliongezwa mafuta tu ili nguvu ya chakula ilingane, na nyingine hazikupewa chochote. Watoto wa githeri ya nyama waliwapita wenzao katika mtihani wa kutambua na kupambanua maumbo, nao uwanjani ndio walioonekana kucheza zaidi na kuongoza michezo. Ni vijiko vichache vya nyama. Mtoto huyo ndiye ninayemkumbuka kila nisikiapo mtu aliyeshiba akipendekeza kwamba Afrika ipunguze ng'ombe wake.

Umoja wa Mataifa, kwa ombi la Mongolia, umeufanya mwaka 2026 kuwa mwaka wa nyika na wafugaji. Sijui ni wangapi katika wafugaji hao watapata habari kwamba mwaka ulikuwa wao. Mwishoni mwa mwaka 2022, mvua zilipokuwa zimekosekana msimu juu ya msimu katika Pembe ya Afrika, na Kenya peke yake ikikaribia kuhesabu mifugo milioni mbili na nusu iliyokufa, nilipita katika mnada mmoja wa Longido. Wauzaji walikuwa wengi na wanunuzi wachache. Na katika nyakati kama hizo mfugaji hupigwa mara mbili, maana bei ya mnyama aliyekonda hushuka siku zile zile ambazo bei ya mahindi hupanda. Mzee mmoja aliyekaa juu ya jiwe, mbuzi watatu wamefungwa kamba moja miguuni pake, aliitikia shikamoo yangu na kunieleza hesabu yake: mwaka wa neema beberu mmoja alimpatia gunia zima la mahindi na chenji ya sukari, siku hiyo kwa watatu wote alikuwa ameahidiwa debe nne.

"Utawauza, mzee?"

Hakunijibu. Alinitazama viatu, vilivyokuwa vimeingia tope kidogo, akauliza nimetoka wapi. Nikamwambia nilitokea upande wa Monduli, na kwamba jana jioni tulinyeshewa njiani.

"Mvua nyingi?"

"Gari ilikwama, mzee."

"Ya dakika, au ya saa?"

"Karibu saa moja."

Akaniuliza ni kabla ya korongo au baada yake, na kama upepo ulivuma kutoka mlimani au kuelekea mlimani. Nami nikajitahidi kukumbuka mambo ambayo sikuwa nimeyatazama. Kisha akainuka, akamwita mwanawe kwa Kimasai, akainama kuifungua ile kamba.